Moshi Kabla ya Zamu ya Tisa

Jumatatu, 15 Juni

Nimefika ofisini kabla ya watu wote. Sababu ni moja tu: ubao.

Ubao uko kwenye chumba cha maamuzi, umejaa kadi za sumaku, na kila kadi ina jina la kijana anayetaka kucheza mpira wa kikapu wa kulipwa. Siku ya uteuzi timu huchagua kwa zamu, na timu mbovu ndizo zinazotangulia. Sisi Toledo tulikuwa wabovu kweli msimu uliopita. Bahati mbaya mwishoni tukashinda mechi kadhaa bila sababu yoyote ya maana, tukajisukuma wenyewe hadi zamu ya tisa. Ndivyo tulivyo, hata kushindwa hatujui.

Kadi zinazogombaniwa ni mbili. Ya kwanza ni ya Terrence Whitlow, miaka ishirini na mitatu, wa Dayton, amemaliza chuo chote. Anajua kila kitu. Mitupo huru hakosi. Hajawahi kugombana na mtu. Ya pili ni ya Soren Lindquist, miaka kumi na tisa, mtoto wa wakulima wa Dakota Kaskazini. Hakuna mlango anaopita bila kuinama. Mpira kaanza juzi juzi, na mwaka wake mmoja wa chuo aliumalizia benchi. Hajui kitu. Lakini akiruka! Mungu wangu, akiruka!

Mimi ni wa Soren. Corinne Haddad, mama takwimu wetu, ni wa Terrence. Nimepandisha kadi ya Soren, nikaenda kuchukua kahawa. Kurudi, kadi iko chini. Corinne anatafuna donati, macho kwenye kompyuta, utadhani kadi zina miguu.

Baadaye Bosi katuita. Bosi ni Marv Tolliver, meneja mkuu, mtu mwema ambaye huamini maneno ya yule aliyeongea naye mwisho. Anasema kuanzia Julai wasaka vipaji na watu wa takwimu watakuwa idara moja, yenye mkuu mmoja. Corinne akauliza mkuu atakuwa nani. Bosi akasema ni yule atakayemwelekeza vizuri Alhamisi ya wiki ijayo, siku ya uteuzi. Halafu akaniangalia mimi. Akasema hamfukuzi mtu, Mungu apishe mbali, ila mkataba ukiisha umeisha.

Wangu unaisha mwezi huu.

Mimi, Lyle Kaczmarek! Nimeisakia timu hii vipaji tangu Corinne anavaa sare za shule ya msingi! Kabla ya kwenda nyumbani nimepandisha kadi tena. Ni lazima awe Soren, la sivyo unga wangu umemwagika.

Jumanne, 16 Juni

Siku ya majaribio ya Soren. Siku njema sana.

Mawakala wa siku hizi hawataki kijana wao akabwe na mtu mwenye damu, asije akaaibika mbele ya meneja. Kwa hiyo hucheza peke yake, na mahali pa mkabaji huwekwa kiti. Kupanga viti nimejitolea mwenyewe. Nimetumia akili. Cha kwanza nilikiacha mbali kidogo. Cha pili mbali zaidi.

Soren akakipita cha kwanza. Akakipita cha pili, akazunguka, akaruka, akazamisha mpira kwa nguvu hadi nguzo ikalia. Bosi akashika moyo. Nikamnong'oneza kwamba huyu si mchezaji, huyu ni miaka kumi ya furaha. Bosi akarudia polepole, miaka kumi, miaka kumi.

Corinne akauliza, kwa upole wake ule wa kuudhi, kama kuna kiti kimewahi kushinda mechi. Nikamwambia mwenye jicho haangalii kiti, anaangalia hatua. Akasema yeye anakiangalia kiti kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa kinakaba.

Mtoto mwenyewe haongei sana. Nimemuuliza anajionaje. Akajikuna shingo, akasema hajui, watu wanamtazama kama shamba ambalo halijalimwa, na kila mmoja amekuja na mbegu zake. Nikacheka. Sasa hivi naandika, na sicheki tena. Kwa nini kaniambia vile? Lakini ni kijana, maneno ya vijana hayana kina.

Corinne amejitolea kumpeleka uwanja wa ndege. Wema wa ghafla. Nimewaacha ukumbini, nikaja zangu kula kabichi ya mke wangu Bernadette.

Jumatano, 17 Juni

Leo zamu ya Terrence. Wakala wake kaleta vijana wengine wanne, watu wazima wenye misuli, ili akabwe kweli. Ujinga wa wakala! Mtu akikabwa kweli anaonekana wa kawaida.

Terrence hakuruka. Aliongea tu. Wewe kulia, wewe rudi, niko nyuma yako. Baada ya muda timu yake ya vijana aliokutana nao asubuhi ileile ilikuwa inacheza kana kwamba wamelelewa pamoja. Bosi akapiga miayo. Nikapiga miayo pia, ya makusudi, ili kumtia moyo. Mwishoni Terrence akaona viti vya jana bado viko pembeni ya uwanja. Akavikunja kimoja kimoja, akavipanga ukutani. Hakuna aliyemwomba.

Jioni tukamtoa kula, kama desturi yetu na kila kijana. Mimi kazi yangu ni kuuliza swali gumu. Nikamuuliza ni kitu gani ndani yake ambacho bado hatujakiona. Akakata nyama yake kwanza, akaweka kisu chini. Akaniambia, "Mzee, mtu akiwa hajui kitu mnasema ana nafasi ya kukua. Mimi nikionyesha najua, mnasema nimefika mwisho. Ningelijua hilo mapema, ningejifunza polepole."

Bosi akacheka. Corinne hakucheka. Mimi nikakohoa.

Kijana ana akili, na ana uchungu, na ameubeba uchungu wake kwa adabu. Nimelifikiria jambo hilo njia nzima ya kurudi. Nimefika nyumbani, nikaandika kwenye ripoti: hana nafasi ya kukua.

Alhamisi, 18 Juni

Mambo mabaya. Bosi ameongea na Corinne wakati mimi niko kwa kinyozi. Sasa anasema anataka kulala usingizi, na Terrence ni usingizi.

Nimekaa kwenye gari langu nikawaza. Bosi namjua. Bosi hataki kitu mpaka aone mwingine anakitaka. Hata hoteli huchagua ile yenye foleni mlangoni. Kumbe dawa iko wazi: ni lazima aambiwe kwamba kuna mtu anamtaka Soren. Na anayefaa ni Omaha, maana Omaha wana zamu ya nane, wako mbele yetu kwa hatua moja. Kitu kunyakuliwa mbele ya pua yako, hakuna kinachouma zaidi.

Si uongo. Sisi wa kazi hii tunauita moshi. Majuma haya ya mwisho kila timu hufukiza moshi wake, anayetaka mrefu anasifu mfupi, anayetaka mfupi anaulizia mrefu. Anayesema kweli mwezi Juni ndiye anayeonekana mtu wa hatari.

Basi nikampigia Dutch Mancuso wa redio. Nikamwambia nimesikia, mahali, kwa mtu, kwamba Omaha wamepagawa na mtoto wa Dakota. Dutch akauliza ni mtu gani huyo. Nikamwambia ni mtu wa karibu sana. Sikudanganya. Alikuwa amevaa viatu vyangu.

Ijumaa, 19 Juni

Imefanya kazi! Imefanya kazi kupita kiasi!

Dutch kaitangaza asubuhi, watu wakiwa kwenye foleni ya magari. Bosi kaingia ofisini tai imepinda, akauliza tumelala au tumekufa, Omaha wanamchukua Soren wetu. Soren wetu! Nilitaka kumbusu. Akaipandisha kadi kwa mkono wake mwenyewe, juu kabisa, hadi ikagonga fremu.

Halafu akasema tuwape Buffalo zamu yetu ya tisa pamoja na uteuzi wetu wa mwakani, watupe zamu yao ya tano, tuwapite Omaha.

Wa mwakani! Mwakani kuna vijana watatu ambao mimi binafsi ningewalea kama wanangu. Nikasema Bosi, tusikimbilie. Bosi akaniuliza kwani Soren ninamtaka au simtaki. Nikasema ninamtaka, ila kwa kiasi. Corinne akauliza habari hii imetoka wapi. Bosi akasema kwenye redio. Corinne akauliza redio imeitoa wapi. Bosi akasema Dutch ana mtu wa karibu. Corinne akanigeukia, akanitazama muda mrefu, na mimi nikaanza kusafisha miwani yangu ambayo ilikuwa safi.

Corinne kamtuliza Bosi hadi Jumatatu. Nakiri, aliongea vizuri. Namchukia zaidi pale anaponiokoa.

Jumamosi, 20 Juni

Sherehe ya parokia. Bernadette yuko kwenye hema la pierogi, vile viandazi vya Kipolandi, kama kila mwaka, anakanda, anajaza viazi, anafinya pembeni, na ulimi haupumziki. Mimi kazi yangu ni kubeba sufuria na kutokuonja.

Nilimweleza shida yangu, kijana salama na kijana wa ahadi. Akasema hiyo anaijua, na yeye alikuwa na wawili, mimi na Ron Szymanski aliyekuwa anasomea udaktari wa meno. Nikamshukuru kwa kuchagua mwenye usalama. Bernadette akaacha kukanda. Akacheka hadi mama wa hema la jirani akachungulia. "Salama? Wewe? Lyle, salama alikuwa Ron! Wewe nilikuchukua kwa ahadi."

Nikauliza ahadi yenyewe imefikia wapi. Akanipangusa unga shavuni, akasema hana haraka.

Nimesimama nimeshika sufuria, nashindwa kujua kama nimesifiwa. Miaka yote hiyo nilidhani mimi ndiye niliyempa mwanamke huyu uhakika. Kumbe kila asubuhi amekuwa akinitazama nikinyoa ndevu na kujiambia labda leo. Jambo hilo limenigusa na limenitisha.

Kabla sijamjibu, simu ikalia. Hal Vukovich, msaka vipaji wa Omaha, rafiki yangu wa zamani na mwizi wangu wa vipaji wa siku zote. Anauliza ni mpumbavu gani kaanzisha uvumi kwamba wanamtaka Lindquist. Nikasema watu wana midomo. Hal akasema sasa ni balaa. Bosi wake kasikia, kaja juu, anauliza kama dunia nzima inajua tunamtaka huyu kijana, kwa nini sisi hatumtaki? Jana wamemwita kwa majaribio. Leo wanamtaka!

Lo! Nimeuza uongo, na wenyewe wameununua na kuufanya kweli!

Nikaingia nyuma ya hema nikawaza kwa kasi. Nikamwambia Hal, kwa siri, kama ndugu, mambo mawili. La kwanza, sisi Toledo tunamwombea Terrence Whitlow asichukuliwe, tukimkosa tutalia. La pili, amwonee huruma Soren, mpira hauko moyoni mwake. Anakesha akiota viazi-sukari vya baba yake. Mwaka haupiti atarudi shambani. Hal akasema nimekuwa mtu mwema uzeeni.

Nikarudi kwenye sufuria. Bernadette kaniuliza mbona ninatabasamu hivyo. Nikamwambia ni ahadi inaanza kuiva.

Jumatatu, 22 Juni

Nimeanza siku vizuri. Dutch kasema kwenye redio kwamba Soren Lindquist hana moyo wa mpira, anawaza kilimo. Nimecheka peke yangu kwenye gari.

Saa nne kanipigia mtu wa timu ya Portland. Kauliza kama nimesikia kuhusu trekta. Nikauliza trekta gani. Akasema Soren kaweka oda ya trekta, kubwa, la kijani, kasikia kwa mtu asiyekosea. Nikakata simu polepole. Trekta sikulisema mimi.

Kabla ya chakula cha mchana, mtu wa Sacramento. Yeye kasikia trekta, na shamba la pili, na kwamba mtoto kamwambia kocha wake wa chuo akilia kwamba anakosa harufu ya udongo. Akilia! Hilo nalo sikulisema.

Nimekaa nikiangalia ukuta. Najua, habari nimeitunga mimi, nyuma ya hema la pierogi. Lakini je, niliitunga, au niliihisi? Kwa nini sikusema anataka kuwa padri, au baharia? Nilisema mkulima. Lilinitoka lenyewe! Na yeye mwenyewe aliniambia habari za shamba na mbegu, nikacheka! Msaka vipaji wa miaka mingi huona mambo kabla hajajua kwamba ameyaona.

Nikampigia mama yake, Bi Lindquist, Dakota. Nikauliza Soren yuko wapi. Akasema wapi tena, yuko shambani, kapanda trekta toka alfajiri. Nikauliza anaonekanaje. Akasema ana raha kweli, mtoto huyu akiwa kwenye udongo humtoi. Nikamshukuru.

Mungu wangu. Ni kweli.

Nimemfuata Bosi hadi maegesho ya magari, nimemshika koti. Nimemwambia amsahau Soren, atatukimbia aende kuvuna, tutabaki na jezi tupu. Terrence ndiye mtu. Terrence anakunja viti bila kuombwa! Bosi akasema lakini nilimwambia miaka kumi ya furaha. Nikamwambia furaha ni kitu cha Dakota, sisi ni Toledo.

Jumanne, 23 Juni

Nimewahi ofisini ili nimpandishe Terrence. Aibu kidogo moyoni, lakini mtu mzima hubadilika akipata ushahidi.

Kufungua mlango, namkuta Corinne mbele ya ubao. Mkono wake uko kwenye kadi. Kadi ni ya Soren. Anaipandisha!

Tukatazamana. Nikamwambia ashushe. Akaniambia nishushe mimi. Nikadai yeye ni mtu wa Terrence. Akasema, "Na wewe ulikuwa mtu wa Soren. Nini kimekupata, Mzee?" Nikasema nina habari za ndani. Akasema yeye hana habari, alichonacho ni alama ya kiwiko cha mtu hapa kwenye bega.

Kumbe Jumanne ile, baada ya mimi kwenda kula kabichi, aliondoa kiti. Akasimama yeye mwenyewe pale kilipokuwa. Corinne alicheza chuo zamani, sikujua, au niliwahi kujua nikasahau. Akamwambia Soren ampite. Soren hakuweza. Corinne akampokonya mpira, akampokonya tena, mtoto akawa mwekundu hadi masikioni. Badala ya kukasirika, akamwomba amwonyeshe anakosea wapi. Akamwonyesha: anainua mpira mapema. Mtoto akarekebisha palepale. Akampita, na kwa bahati mbaya akamwachia lile jeraha, akaomba msamaha hadi uwanja wa ndege, na njiani akawa anauliza maswali mfululizo, karibu ndege imwache.

Corinne akasema takwimu humwonyesha mtu alipotoka. Pale ukumbini yeye alimwona anakwenda. Amesumbuka juma zima, anasema, kwa sababu bado anampenda Terrence, na kuchagua mmoja ni kumwambia mwingine kitu ambacho hastahili kuambiwa. Alisema hivyo kwa sauti ndogo, si ile ya kuudhi.

Nilitaka kumwambia na mimi nalijua hilo jambo. Nilitaka kumwambia juu ya Terrence na kisu chake mezani. Badala yake nikamuuliza kama anajua habari za trekta.

Akasema kijana wa mkulima ambaye hapandi trekta mwezi wa sita ndiye wa kutiliwa shaka. Hajui kitu huyu. Alivyotoka nikamshusha Soren.

Alhamisi, 25 Juni

Siku ya uteuzi. Nimevaa tai ya harusi.

Tuko chumbani, Bosi katikati, mimi kushoto na kadi ya Terrence mfukoni, Corinne kulia na kadi ya Soren mkononi. Kwenye runinga, kutoka New York, mkuu wa ligi anasoma majina, vijana wanavaa kofia za timu na kupeana mikono. Majina saba yakapita, Terrence yupo, Soren yupo. Bosi akaniuliza nina hakika. Nikamwambia kwa maisha yangu. Akaangalia dari, akasema basi tukipata nafasi ni Terrence. Corinne akafumba macho. Mimi nikaiona ofisi ya mkuu wa idara, ile yenye dirisha la mtoni, nikaanza kuwaza nitaweka wapi picha ya Bernadette.

Ikafika zamu ya nane, Omaha. Mkuu wa ligi akakohoa. Akasoma: Terrence Whitlow.

Kadi ikanichoma mfukoni.

Simu yangu ikatetemeka. Hal. Ananishukuru, ananiita ndugu, anasema bila mimi wangefanya kosa la mwaka.

Ule moshi wangu wa Jumamosi, nyuma ya hema. Ulifanya kazi sawasawa, kama nilivyoupanga, na mimi ndiye niliyekuwa nimeusahau.

Kwenye runinga Terrence alisimama. Alimkumbatia bibi yake, akainama kumsikiliza sikioni, na akalia. Si chozi moja la heshima. Alilia hadi kofia ya Omaha ikamwanguka, na mkuu wa ligi ndiye aliyeiokota. Nimemtazama kijana huyu misimu minne na sikujua kama analo hilo ndani. Nilimuuliza mezani ni kitu gani hatujakiona. Kilikuwepo. Nilifurahi kwa ajili yake, nilifurahi kweli.

Bosi akageuka na kuuliza nani alikuwa wa Soren. Corinne akainua mkono. Na mimi nikainua! Nikasema nilikuwa wa kwanza, tangu Januari, viti nilivipanga mimi! Bosi akanitazama kwa huzuni. Akasema, "Lyle, Jumatatu umenipasulia koti ukinikataza." Akaonyesha na mshono.

Soren akawa wetu. Wakaonyesha kwao Dakota, familia nzima sebuleni. Aliposimama akagonga taa kwa kichwa, ikaendelea kuning'inia na kuyumba nyuma yake muda wote alipokuwa akihojiwa. Wakamuuliza atafanya nini kwanza akifika Toledo. Akasema kuna mwanamke pale alimpokonya mpira, anataka kumwomba mechi ya marudio.

Chumba kizima kikamcheka na kumpigia makofi Corinne. Nami nikapiga.

Jumanne, 30 Juni

Siku ya mwisho ya mkataba. Kama ilivyotarajiwa, Corinne ndiye mkuu wa idara. Kaniita kwenye ofisi ya dirisha la mtoni. Nimeenda na sanduku tupu la kubebea vitu vyangu, ili asione nimeshtuka.

Akasema weka chini hilo sanduku. Amepewa nafasi moja ya msaka vipaji mzoefu, na waliobaki ni wawili, mimi na bwana mmoja wa Indiana, kijana, moto, mwenye mawazo mapya ambayo yanaweza kutikisa ligi au kutuangusha. Amefikiri sana. Ameamua kunichukua mimi, mwaka mmoja. Nikauliza kwa nini. Akasema, bila ubaya wowote, "Wewe ni chaguo salama, Mzee. Najua ninachopata."

Salama!

Nimempa mkono, nimeshukuru, miguu imenishusha ngazi yenyewe. Kwenye gari nimekaa bila kuwasha. Kazi ninayo. Nilipaswa kuimba. Lakini nilikuwa nasikia sauti ya Terrence: mnasema nimefika mwisho. Nilimwandikia hivyo mtoto wa watu, kwa mkono wangu, baada ya kula naye. Sasa najua inavyouma. Nimekaa na uchungu ule kwa muda, na nadhani nilikuwa karibu kuelewa jambo kubwa.

Nyumbani nikamweleza Bernadette. Akaniinulia kijiko cha supu, akasema basi ashukuriwe Mungu, kuna mtu mmoja duniani anayeniona salama, yeye bado anasubiri. Akanibusu kwenye paji la uso. Akaniambia nimpigie Corinne kesho, nimpe asante ya kweli, nifanye kazi mwaka huu kwa utulivu.

Nitafanya hivyo. Kwa utulivu.

Ila mwaka mmoja ni kidogo kwa mtu wa ahadi. Na Bosi namjua, hataki kitu mpaka aone mwingine anakitaka. Kwa hiyo Bernadette alipoenda kumwagilia nyanya, nilimpigia Dutch. Nikamwambia nimesikia, mahali, kwa mtu wa karibu sana, kwamba Omaha wanamtaka Lyle Kaczmarek, wanamtaka vibaya.

Dutch akauliza kama ni kweli. Nikafikiri kidogo. Hal alinipigia, akaniita ndugu. Mtu hamwiti mtu ndugu bure. Na mbona nilisema Omaha, sikusema Portland? Lilinitoka lenyewe.

Nikamwambia Dutch dalili zipo, tena nyingi. Kisha nikatoka bustanini, nikamuuliza Bernadette kama nyanya hustawi Omaha.